Michezo ya kompyuta bila Windows: nani anamsaidia mchezaji pale mchezo unapokataa kufunguka?

Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni Microsoft ya Marekani ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao ungali ndani ya mamilioni ya kompyuta. Tangu siku hiyo, mtumiaji ambaye hakujiandikisha katika mpango wa muda wa kampuni hiyo hapati tena marekebisho ya usalama. Katika mwezi huohuo, hesabu ambayo kampuni Valve hufanya kila mwezi kwa watumiaji wa Steam, duka lake la michezo ya kompyuta, ilionyesha jambo jipya: wachezaji wanaotumia Linux walipita asilimia 3 kwa mara ya kwanza.

Asilimia 3 ni kidogo. Mwezi huo Windows ilikuwa na karibu asilimia 95 ya wachezaji wote wa Steam. Lakini kwa miaka mingi Linux ilikuwa imekwama karibu na asilimia 1, na watu waliofanya kazi ya kompyuta walizoea kusema kwamba mtu anayependa michezo hana njia ya kutoka kwa Windows. Mwezi wa saba 2023, Linux ilipita hata mfumo wa Mac katika hesabu hiyo. Leo, maelfu ya michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake inachezwa kila siku kwenye kompyuta zisizo na Windows.

Swali linalobaki ni la msaada. Mtu akinunua mchezo na ukakataa kufunguka, aulize nani? Kampuni iliyoutengeneza mchezo itamjibu kwamba haitambui mfumo wake. Duka litamrudishia pesa, au halitamrudishia. Mara nyingi jibu hutoka kwa mtu asiyemjua, aliye nchi nyingine, ambaye alikutana na tatizo hilohilo usiku wa jana.

Kwa nini mchezo unakataa

Mfumo ndio programu kubwa inayoamsha kompyuta na kugawa kazi: hii iende kwenye kioo, ile kwenye sauti, nyingine kwenye diski. Windows ni mfumo, macOS ya Apple ni mfumo, na Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland Linus Torvalds, ni mfumo vilevile. Tofauti ni kwamba Linux haina mwenye kuiuza peke yake. Yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuigawa, na ndiyo sababu inapatikana kwa majina mengi: Ubuntu, Debian, Fedora, Linux Mint, Arch na mengine.

Mchezo uliotengenezwa kwa Windows unazungumza na kompyuta kwa lugha ya Windows. Ukitaka kuchora picha, unaita DirectX, chombo cha Microsoft. Ndani ya Linux hakuna DirectX. Ni kama mtu anayejua Kinande peke yake akifika katika soko la Kisangani: bidhaa ziko, pesa anazo, lakini hakuna anayemwelewa.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni mwenye mchezo kuuandika upya kwa ajili ya Linux. Ya pili ni kumtafutia mkalimani. Historia yote ya michezo nje ya Windows ni historia ya njia hizo mbili, na ya kwanza ndiyo iliyowaumiza watu zaidi.

Ahadi zilizovunjika

Mwaka 1998, Mmarekani Scott Draeker alianzisha kampuni Loki Software. Kazi yake ilikuwa kuchukua michezo mikubwa ya Windows, kuigeuza kuwa ya Linux na kuiuza. Mwaka 1999 ilitoa Civilization: Call to Power. Wateja walikuwa wachache, madeni yakawa mengi, na mwezi wa kwanza 2002 kampuni ilifunga milango. Hata hivyo iliacha mali moja: SDL, programu ya msingi iliyoandikwa na mfanyakazi wake Sam Lantinga, ambayo hadi leo inasaidia michezo mingi kuzungumza na kompyuta za aina mbalimbali.

Baadaye kampuni nyingine zilijaribu. Feral Interactive ya Uingereza iligeuza michezo kama XCOM na Tomb Raider. Hapo mteja alipata kitu halisi: mchezo wenye msaada rasmi, na kampuni ya kuandikia barua. Lakini msaada wa namna hiyo unadumu tu muda ule mwenye mchezo anapoona faida.

Mfano wa Rocket League unaeleza vizuri. Mchezo huo wa magari yanayocheza mpira ulikuwa na toleo la Linux na la Mac, na watu walilinunua kwa pesa zao. Mwaka 2019 kampuni Epic Games ilinunua Psyonix, iliyoutengeneza. Mwezi wa kwanza 2020 ilitangazwa kwamba matoleo ya Linux na Mac yataachwa, na mwezi wa tatu mwaka huo yakakatwa na mchezo wa mtandaoni. Wanunuzi waliruhusiwa kuomba pesa zao, lakini mchezo wenyewe, pamoja na marafiki waliokuwa wakicheza nao, uliondoka. Toka hapo wachezaji wengi wa Linux walianza kusema wazi kwamba toleo la kwao lenye kuachwa katikati ya njia halifai kuliko mkalimani mzuri.

Mkalimani anayeitwa Wine

Mkalimani huyo alianza kazi mapema. Mwaka 1993, kundi la wajitoleaji lilianzisha Wine, programu inayopokea maombi ya lugha ya Windows na kuyageuza kuwa maombi ambayo Linux inayaelewa. Tangu mwaka 1994 kazi hiyo inaongozwa na Mswisi Alexandre Julliard. Toleo la 1.0 lilitoka mwezi wa sita 2008, yaani baada ya miaka 15. Kwa wakati huo, mwenye kutaka kucheza alilazimika kuandika amri nyingi, kutafuta mafaili moja baada ya jingine, na kuomba Mungu.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwa mtu tajiri aliyeogopa. Gabe Newell, mmoja wa waanzilishi wawili wa Valve, alifanya kazi Microsoft kwa miaka 13 kabla ya kuondoka mwaka 1996. Mwezi wa saba 2012, Microsoft ilipokuwa ikitayarisha Windows 8 yenye duka lake lenyewe ndani, Newell alisema mbele ya watu wa kazi hiyo katika mji wa Seattle kwamba mfumo huo ni janga kwa kila mtu anayeishi kwa kompyuta binafsi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: Steam ilikuwa imejengwa katika kiwanja cha mtu mwingine, na mwenye kiwanja alikuwa ameanza kufungua duka lake mlangoni.

Tarehe 14 mwezi wa pili 2013, Steam ya Linux ilitoka rasmi. Mwezi wa kumi na moja 2015 zilifuata Steam Machine, kompyuta za sebuleni zilizotengenezwa na kampuni mbalimbali na kuendeshwa na SteamOS, mfumo wa Valve uliojengwa juu ya Linux. Zilianguka. Michezo ya Linux ilikuwa michache mno, na mnunuzi hakuona sababu ya kulipa mamia ya dola kwa mashini isiyofungua michezo ambayo marafiki zake wanacheza. Mwaka 2018, Valve iliziondoa kwenye menyu ya duka lake.

Kijana aliyetaka kucheza mchezo mmoja

Wakati huo, Philip Rebohle alikuwa akitaka kucheza Nier: Automata, mchezo wa Kijapani wa Windows, ndani ya Linux. Wine ya wakati huo haikuweza. Akaanza kuandika DXVK, programu inayogeuza maombi ya DirectX 11 kuwa maombi ya Vulkan, chombo cha kuchora picha kilichotolewa mwaka 2016 ambacho si mali ya Microsoft. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba Valve ilimpa mkataba wa kazi mwaka 2018.

Tarehe 21 mwezi wa nane 2018, Valve, pamoja na kampuni CodeWeavers ambayo inamlipa Julliard na wenzake wa Wine, ilitangaza Proton. Ndani yake kuna Wine, DXVK na vipande vingine, vyote vimefungwa pamoja ndani ya Steam. Mchezaji hana tena kazi ya kuandika amri: anabonyeza mahali pa kufunga mchezo, kisha mahali pa kucheza. Siku ya kwanza, Valve ilithibitisha michezo 27 tu, lakini mtu aliweza kuijaribu mingine yote kwa hiari yake. Programu nyingine, VKD3D-Proton ya Hans-Kristian Arntzen, ilikuja kushughulikia DirectX 12, ambayo michezo mipya inaitumia.

Tarehe 28 mwezi wa pili 2022, Valve ilianza kupeleka Steam Deck kwa wanunuzi. Ni mashini ya kushika mkononi, inayotumia SteamOS mpya iliyojengwa juu ya Arch Linux, na bei yake ya mwanzo ilikuwa dola 399. Mtu mwenye Steam Deck anaweza kucheza miaka miwili bila kujua kwamba anatumia Linux. Mwezi wa tano 2025, Lenovo ilianza kuuza Legion Go S, mashini ya kwanza ya kampuni nyingine yenye ruhusa rasmi ya kuuzwa na SteamOS hiyo.

Msaada unatoka wapi

Leo mchezaji wa Linux ana chemchemi tatu za msaada.

Ya kwanza ni Valve. Kampuni hiyo inapima michezo na kuiwekea alama kwa ajili ya Steam Deck: uliothibitishwa, unaochezeka kwa marekebisho kidogo, au usiokubali. Alama hiyo inamsaidia pia mwenye kompyuta ya kawaida ya Linux, kwa sababu kinachofanya kazi kwenye Deck mara nyingi kinafanya kazi kwake. Tena, Valve inarekebisha michezo ambayo si yake. Elden Ring ilipotoka mwezi wa pili 2022, ilikuwa ikikwamakwama hata kwenye kompyuta za Windows zenye nguvu. Wahandisi wa Valve waliirekebisha upande wa Proton, na kwa siku kadhaa wenye Linux walicheza kwa utulivu kuliko wengi wa Windows.

Ya pili ni wachezaji wenyewe. Mwaka 2018, mwezi uleule wa Proton, ilianzishwa ProtonDB, daftari la mtandaoni ambamo mchezaji anaandika jina la mchezo, kompyuta yake, na kama mchezo ulifunguka. Michezo inapewa madaraja: platinamu ni ule unaocheza bila kugusa chochote, kisha dhahabu, fedha, shaba, na mwishoni ule uliovunjika kabisa. Thamani ya daftari hilo ni maelezo mafupi yaliyo chini ya alama: tumia toleo fulani la Proton, zima kitu fulani, weka neno hili katika mipangilio. Ripoti nyingi ni za Kiingereza, jambo ambalo linawapa kazi wasomaji wa Kifaransa na Kiswahili, lakini amri zenyewe hunakiliwa zilivyo.

Katika kundi hilo wamo pia wajitoleaji wanaotengeneza vyombo. Mfaransa Mathieu Comandon alianzisha Lutris mwaka 2009, programu inayokusanya michezo ya sehemu mbalimbali mahali pamoja. Heroic inasaidia wenye michezo waliyoipata katika maduka ya Epic na GOG. Mtu anayejulikana kwa jina GloriousEggroll anatoa toleo lake la Proton, ambalo mara nyingi lina dawa ya tatizo kabla ya toleo rasmi.

Ya tatu ni wenye kutengeneza Linux zenyewe, na hapo mambo si laini siku zote. Mwezi wa sita 2019, Canonical, kampuni ya Ubuntu, ilitangaza kwamba itaacha vipande vya biti 32 katika toleo lake lililofuata. Sehemu kubwa ya michezo ya zamani inavihitaji. Mhandisi wa Valve Pierre-Loup Griffais alijibu kwamba Steam haitatambua toleo hilo la Ubuntu. Wachezaji walipiga kelele, na katika muda wa siku chache Canonical ikarudi nyuma. Mwezi wa kwanza 2024, mfanyakazi mwingine wa Valve aliwashauri watumiaji wa Ubuntu wasichukue Steam iliyo katika duka la Snap, kwa sababu ilikuwa inaleta matatizo mengi ambayo Valve haikuyasababisha, bali watumie ile inayotolewa na Valve yenyewe.

Mlango uliofungwa: walinzi wa michezo

Chemchemi hizo tatu zina nguvu, lakini zinafika mwisho mbele ya kizuizi kimoja: programu za kuzuia wezi wa mchezo, yaani wale wanaotumia hila kuona adui nyuma ya ukuta au kupiga bila kukosa. Katika michezo ya mtandaoni, programu hiyo ni kama mlinzi wa mlangoni. Nyingi zinaingia hadi ndani ya kiini cha Windows, mahali ambapo zinaona kila kitu kinachofanyika katika kompyuta. Wine haiwezi kumpa mlinzi huyo kiini cha Windows, kwa sababu hakipo.

Mwezi wa tisa 2021 kulikuwa na matumaini. Walinzi wawili wanaotumika sana, Easy Anti-Cheat na BattlEye, walitangaza kwamba wanaweza kufanya kazi na Proton. Lakini uamuzi uliachwa kwa mwenye mchezo, na wengi walikataa. Mkubwa wa Epic Games, Tim Sweeney, alieleza mwezi wa pili 2022 kwamba Fortnite haitafunguliwa, kwa sababu kampuni haiamini kwamba inaweza kupambana na wezi katika mfumo ambao kila mtu anaweza kubadilisha kiini chake. Bungie iliwaonya wachezaji wa Destiny 2 kwamba anayejaribu kupita kizuizi atafungiwa akaunti.

Wengine walifungua kisha wakafunga, na hao ndio waliowaumiza watu. Apex Legends ilikubali Linux mwaka 2022. Tarehe 31 mwezi wa kumi 2024, watengenezaji wake walisema kwamba Linux imekuwa njia ya wezi wengi, wakaizuia. Mwezi wa tisa mwaka huohuo, GTA Online iliongezewa BattlEye na wenye Linux wakatolewa nje, ingawa sehemu ya mtu mmoja ya mchezo huo ingali inacheza. League of Legends, iliyochezwa kwa miaka mingi kwa njia ya Wine, ilipokea mlinzi Vanguard mwaka 2024 na ikafungwa. Battlefield 6, iliyotoka mwezi wa kumi 2025, haikubali Linux hata kidogo.

Kwa wapenzi wa mpira wa miguu, ambao ni wengi katika miji ya Congo, habari mbaya ni ya EA. Tangu FIFA 23, kampuni hiyo inaweka mlinzi wake katika mchezo wa mpira, na matoleo ya EA Sports FC yaliyofuata hayafunguki kwa Proton. Kijana anayetaka kuacha Windows lakini hawezi kukaa bila mchezo huo kwenye kompyuta, ni lazima alijue jambo hilo kabla ya kufuta chochote.

Hoja ya kampuni si ya uongo. Wezi wapo, na mchezo wenye wezi wengi unakimbiwa na wachezaji waaminifu. Lakini upande wa pili nao una hoja. Michezo ya Valve yenyewe, Counter-Strike 2 na Dota 2, inacheza kwenye Linux bila mlinzi wa ndani ya kiini. Tena, programu inayoishi ndani ya kiini inaweza kuangusha kompyuta nzima ikikosea. Tarehe 19 mwezi wa saba 2024, marekebisho mabaya ya programu ya usalama ya CrowdStrike, ambayo si ya michezo lakini inakaa mahali hapohapo, yaliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Toka hapo Microsoft yenyewe ilianza kutafuta namna ya kuzitoa programu za usalama ndani ya kiini.

Mac nayo

Wenye kompyuta za Apple wana shida ya namna nyingine. Mwezi wa kumi 2019, mfumo macOS Catalina uliacha programu za biti 32, na michezo mingi iliyokuwa imenunuliwa ikafa siku mtu alipoweka mfumo mpya. Mwaka 2020 Apple ilianza kuacha vipande vya Intel na kutumia vyake. Mwezi wa sita 2023 ilitoa vyombo vya kusaidia kugeuza michezo ya Windows, na ndani yake kulikuwa na kazi ya Wine ileile ya wajitoleaji. Tofauti ni kwamba Apple iliviweka kwa ajili ya watengenezaji wa michezo. Mchezaji wa kawaida wa Mac anabaki kununua CrossOver ya CodeWeavers au kutafuta njia za pembeni.

Kompyuta za zamani na bei ya mega

Katika Goma, Bukavu, Butembo, Bunia au Lubumbashi, kompyuta nyingi zinazouzwa ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, ambazo watu huziita za occasion. Hapo ndipo mwisho wa Windows 10 unapogusa mfuko. Windows 11 inadai chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2017, hata kama ingali nzima, kwa kawaida inakataliwa. Mwenye nayo anabaki na njia tatu: kununua nyingine, kuendelea bila ulinzi, au kubadilisha mfumo.

Steam nayo haingoji. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2024 haitoi tena msaada kwa Windows 7 na Windows 8.

Linux Mint inaweza kukaa katika kompyuta yenye giga 2 za memori, ingawa giga 4 ndizo zinazoshauriwa. Faili lake lina ukubwa wa karibu giga 3. Kwa anayenunua mega kila siku, huo si mzigo mdogo, lakini faili likishapakuliwa mara moja, sheria inaruhusu kulinakili na kulipitisha kwa flashi kutoka mkono hadi mkono bila kulipa mtu. Flashi hiyohiyo inaamsha kompyuta bila kugusa diski. Mtu anaweza kujaribu sauti, Wi-Fi na kioo, kisha akazima, na Windows yake ikabaki kama ilivyokuwa.

Hata hivyo, Linux haigeuzi kompyuta ya zamani kuwa mpya. DXVK ya leo inahitaji kadi ya picha inayotambua Vulkan 1.3. Kompyuta nyingi za Intel za kizazi cha nne na kurudi nyuma hazifiki hapo. Kwa hizo, Proton inaweza kuamriwa itumie njia ya zamani ya OpenGL, ambayo inatosha kwa michezo mingi ya miaka ya 2000 lakini si kwa mikubwa ya leo. Kwa upande wa kadi, AMD na Intel hutambuliwa na Linux zenyewe. NVIDIA inahitaji draiva yake, na kwa kadi za zamani sana ni lazima kuchagua toleo linalofaa.

Kwa asiye na pesa za kununua mchezo, ipo michezo ya bure kabisa iliyotengenezwa na wajitoleaji na isiyohitaji mkalimani. SuperTuxKart ni mashindano ya magari madogo ambayo watu kadhaa wanaweza kucheza kwenye kompyuta moja au kwa mtandao wa ndani ya nyumba, bila mega. The Battle for Wesnoth, iliyoanza mwaka 2003, ni vita vya kufikiri vinavyokaa vizuri hata kwenye kompyuta dhaifu. 0 A.D. inawaweka wachezaji katika dola za kale, na miongoni mwake wamo Wakushi wa Nubia.

Kabla ya kuhama, mambo manne yanafaa kuangaliwa. La kwanza, kuandika orodha ya michezo ambayo mtu anaicheza kweli na kutazama kila mmoja kwenye ProtonDB, hasa ripoti za miezi ya karibuni, kwa kuwa ya mwaka 2021 inaweza kuwa imepitwa na wakati. La pili, kujua kama mchezo una mlinzi wa mtandaoni, kwa sababu hapo ujuzi wa jirani hausaidii kitu. La tatu, kunakili picha, kazi za shule na mafaili mengine kwenye diski ya nje. La nne, kukumbuka sheria ya Steam: mchezo ulionunuliwa unaweza kurudishwa ndani ya siku 14 ikiwa umechezwa chini ya saa 2. Kwa mchezaji wa Linux, muda huo ndio wa majaribio.

Uamuzi uko mikononi mwa nani

Tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2025, Valve ilirudi mahali ilipoanguka. Ilitangaza Steam Machine mpya, sanduku dogo la sebuleni linaloendeshwa na SteamOS, safari hii likitengenezwa na Valve yenyewe. Tofauti na mwaka 2015 ni kubwa: wakati ule mnunuzi aliahidiwa kwamba michezo itakuja, na leo mingi imekwisha kufika kwa njia ya Proton.

Lakini kazi hiyo yote inategemea sana kampuni moja. Proton, draiva za AMD, SteamOS, mishahara ya watu kadhaa wa Wine: nyuma ya vyote kuna pesa za Valve, iliyoingia humo kwa kulinda duka lake. Siku hesabu yake ikibadilika, msaada unaweza kupungua. Jambo linalowatuliza wachezaji ni kwamba karibu vyombo vyote hivyo vimeandikwa wazi. Loki ilipokufa, SDL ilibaki. Vilevile, Wine na DXVK haziwezi kuchukuliwa na kufungiwa kabatini, maana yeyote mwenye ujuzi anaweza kuziendeleza.

Sehemu isiyo wazi ni ile ya walinzi. Hakuna mjitoleaji anayeweza kufungua Fortnite au mchezo wa mpira wa EA kwa niaba ya wenyewe. Kampuni hizo zitahesabu wachezaji walio nje ya Windows, zitahesabu gharama ya kuwahudumia, na zitaamua. Asilimia 3 ya mwezi wa kumi 2025 haikuwashawishi. Hesabu hiyo hutolewa upya kila mwanzo wa mwezi, na kwa mara ya kwanza tangu Linux iingie Steam, wanaoifuatilia hawatazami tena kama itabaki palepale, bali itapanda kwa kiasi gani.